Paka mpya mwenye meno mabovu na masikio ya utitiri: utibu nini kwanza, na kwa njia ipi?

Huku Nyanda za Juu Kusini paka wengi hawanunuliwi. Jirani anakugawia, mtoto anarudi naye kutoka shule, au paka anajileta mwenyewe mahindi yakishaingia ghalani na panya wakayafuata. Wengi hufika na mambo mawili kwa pamoja: mdomo unaonuka na masikio yanayowasha. Ukiuliza ufanye nini, ushauri unamiminika. Mpe Panadol. Mtie mafuta ya taa. Mchome ile sindano ya ng'ombe. Mpeleke hospitali ya wanyama Morogoro. Mwache, roho ya paka hiyo. Baadhi ya ushauri huo unasaidia, baadhi unachelewesha tu, na baadhi unaua paka ndani ya siku chache.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mtu aliyepo Uyole, Tukuyu, Mafinga au Kihesa, mwenye paka wa namna hiyo na fedha ya kiasi, anayetaka fedha hiyo imsaidie mnyama kweli. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Masikio yana njia kadhaa nzuri, na nyingi zinapatikana karibu; yatibu mapema lakini usimalizie fedha hapo. Kinywa kilichooza kina njia moja tu inayomaliza tatizo, nayo inapitia nusukaputi. Akiba iwekwe huko.

Kabla hujamgusa mdomo

Paka anayetokwa na udenda huenda ana jino bovu. Huenda pia ana kichaa cha mbwa, maana ugonjwa huo humpata paka vilevile. Kama ni mgeni usiyejua alikotoka, anadondosha mate, na wakati huohuo anashambulia bila kuchokozwa, anayumba au anashindwa kumeza, usimpanue mdomo. Mfungie chumbani na umwite afisa mifugo. Akikuuma au kukuparua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo. Usingoje kuona paka atakuwaje.

Paka mtulivu anayejitahidi kula hatii hofu kiasi hicho. Hata hivyo apate chanjo ya kichaa mapema, kwa sababu wiki zinazokuja utakuwa unamshika masikio na midomo, na paka anayeumwa huuma.

Kipi kinamtesa zaidi?

Usimpime kwa kumsikiliza akilia. Paka huficha maumivu, na njaa humfanya aendelee kula hata jino likiwa limeoza hadi kwenye mzizi. Mwekee usipa wachache wakavu, wale dagaa wa Ziwa Nyasa wanaoletwa kutoka Kyela, kisha kaa pembeni umtazame. Mwenye maumivu ya kinywa anakimbilia sahani kwa hamu, ananusa, anachukua usipa mmoja, anainamisha kichwa ili atafunie upande usiouma, halafu anauangusha. Anarudia, anauangusha tena. Mwingine anarudi nyuma ghafla na kujipangusa mdomo kwa mguu wa mbele. Manyoya ya mgongoni huwa yamefungana mafundo, kwa kuwa kujilamba nako kunauma.

Sasa inua mdomo wa juu kwa pembeni, kwa kidole gumba, bila kumpanua kinywa. Ufizi wenye afya una rangi ya waridi iliyotulia. Mstari mwekundu pale ufizi unapokutana na jino ni mwanzo wa ugonjwa. Ugaga mgumu wa njano au kahawia uliofunika magego, pamoja na harufu, ni ugonjwa uliokomaa. Wekundu mkali kule nyuma kabisa ya kinywa, taya zinapokutana, ndio mbaya kuliko yote, na nitaurudia. Angalia na umri: paka mzima ana meno 30, mtoto ana meno 26 ya utotoni yanayobadilika hadi kufikia karibu miezi 6. Kipaka cha miezi mitano chenye fizi nyekundu kidogo na jino linalolegea kinaweza kuwa kinaota meno tu.

Kwenye masikio, tazama uchafu wenyewe. Utitiri huacha uchafu mweusi, mkavu, unaomeguka mfano wa machujo ya kahawa, na kwa kawaida masikio yote mawili huwa nao. Kuna kipimo rahisi cha nyumbani. Chukua kiasi kidogo cha uchafu huo kwa pamba, kipanguse kwenye karatasi nyeusi au mfuko mweusi wa plastiki, kiweke juani au chini ya tochi ya simu, kisha kuza picha kwa kamera. Ukiona vidoti vyeupe vinavyosogea polepole, umeshapata jibu bila kulipa kitu.

Uchafu ukiwa wa majimaji, wa njano na wenye harufu kali, hapo kuna bakteria au fangasi, na dawa ya utitiri peke yake haitatosha. Sikio moja tu likiwa linatoa usaha kwa paka mdogo, kuna uwezekano wa kinyama kilichoota ndani. Na paka aliyeinamisha kichwa upande mmoja muda wote, anayezunguka au ambaye mboni za macho zinachezacheza, ugonjwa umeshavuka ngoma ya sikio. Huyo asitiwe tone la dawa yoyote nyumbani. Aende kwa daktari leo.

Kanuni ninayoifuata ni hii: paka asiyekula kabisa kwa siku nzima, au aliyeinamisha kichwa upande mmoja muda wote, ni wa dharura. Wengine wote, anza masikio wiki hii huku ukitafuta nafasi na fedha ya kinywa.

Masikio: kusafisha, matone, sindano, au dawa ya shingoni

Kusafisha peke yake kunapunguza muwasho lakini hakumalizi utitiri. Mafuta laini, kama mafuta ya watoto au ya zeituni, hulainisha uchafu na kuwaziba pumzi baadhi ya wadudu, ila ni kazi ya wiki nyingi na wengine hubaki nje ya sikio, kwenye manyoya ya shingo na mkia. Mafuta ya taa, spiriti na dawa za kuulia vijidudu zinazotumika kusafishia vidonda huunguza ngozi ya ndani, na ngoma ikiwa imetoboka zinaharibu kusikia. Vijiti vya pamba navyo husukuma uchafu chini zaidi. Tumia pamba uliyozungushia kidole, futa pale macho yanapofika tu.

Matone ya dawa ya masikio ya wanyama ni chaguo zuri kwa mwenye paka mpole na mkono wa subira. Ubaya wake ni muda. Mayai ya utitiri hayafi kwa dawa nyingi, na kutoka yai hadi mdudu mzima ni kama wiki tatu, hivyo anayeacha baada ya siku tano kwa kuwa paka amepunguza kujikuna atauona ugonjwa ukirudi. Sharti la pili ni kwamba mtu mwenye kifaa cha kumulikia ndani awe amethibitisha ngoma ni nzima. Matone ya binadamu yaliyobaki kabatini usiyaguse, mengine yana jentamisini, ambayo ikipita kwenye ngoma iliyotoboka inaweza kumwachia paka uziwi na kukosa mizani.

Namna ya kuyatia inaleta tofauti kubwa. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba chupa iliyolala kabatini huwa baridi sana, na tone la baridi ndani ya sikio linamkosesha paka mizani na imani kwa pamoja. Ishike chupa ndani ya kiganja dakika chache ipate joto la mwili. Mfunge paka kwenye kitenge mikono na miguu ikiwa ndani, kichwa nje, mgongo wake ukielekea tumboni kwako. Tia tone, kanda shina la sikio chini ya shavu hadi usikie mlio wa majimaji, kisha muache atikise kichwa mwenyewe. Anachokirusha nje ndicho unachofuta.

Sindano ya ivamektini ndiyo watu wengi wa maeneo ya wafugaji hukimbilia, kwa sababu ipo kila duka la dawa za mifugo na ni ya bei ndogo. Dawa yenyewe inaua utitiri, na madaktari huitumia kwa paka. Tatizo ni kipimo. Chupa ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita, na kwa ng'ombe huchomwa mililita 1 kwa kila kilo 50 za uzito. Ukishuka na hesabu hiyohiyo hadi paka wa kilo 3, unapata mililita 0.06, yaani kiasi cha tone moja. Tone moja la ziada ni dozi mara mbili karibu, na kwa kipaka kidogo au kilichodhoofika hilo ni hatari ya kutetemeka, upofu na kifo. Kwa hiyo sindano ni chaguo zuri mikononi mwa daktari aliyempima paka kwenye mzani, akairudia baada ya wiki mbili au hivi. Kujichomea mwenyewe kwa kukadiria si chaguo.

Dawa ya kudondoshea kwenye ngozi ya shingo, yenye selamektini au moksidektini, ndiyo ninayoipendelea kwa paka mpya ambaye bado hajakuzoea. Haihitaji kumshika sikio linalouma, inashughulikia na wadudu waliotoka nje ya sikio, na inadumu wiki kadhaa. Ni ghali kuliko sindano. Kama haipo mjini kwako, daktari anaweza kukuagizia kutoka Dar es Salaam ikaja kwa basi. Soma pakiti mara mbili: iwe imeandikwa ya paka. Za mbwa nyingi zina pemethrini, na hiyo humtia paka degedege na kumuua. Tahadhari hiyohiyo iende kwa dawa za kuogeshea ng'ombe, zenye saipamethrini au amitrazi. Hata kumlaza paka kwenye gunia lililonyunyiziwa ni hatari.

Kwa kifupi cha sehemu hii: paka mpole na fedha kidogo, matone. Paka mkali au mwoga, dawa ya shingoni. Paka mkali na fedha kidogo, sindano kwa mkono wa daktari. Na lolote uchagualo, paka na mbwa wote wa nyumbani watibiwe siku moja, maana utitiri huu unahama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine wanapolala pamoja.

Kinywa: kutuliza, kusafisha, au kung'oa

Hapa ndipo ningependa msomaji atumie muda.

Nianze na Panadol, kwa kuwa ndiyo ya kwanza kufikiwa na mkono. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli kama la mtu. Dawa hubaki mwilini ikiharibu chembe nyekundu za damu, damu inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka rangi ya kahawia au bluu, uso na nyayo vinavimba. Nusu ya kidonge cha miligramu 500 inatosha kumuua paka mzima. Ibuprofeni na diklofenaki nazo humharibu figo na tumbo. Dawa za maumivu za paka zipo, kwa mfano meloksikamu kwa kipimo cha paka, lakini zinatolewa na daktari kwa siku alizozipanga yeye.

Antibayotiki bila kugusa meno ndilo chaguo linalovutia wengi. Harufu inapungua, paka anakula, mwenye paka anafurahi. Baada ya wiki kadhaa yote yanarudi, kwa sababu ugaga uko palepale na mzizi uliooza uko palepale. Nalikubali kama daraja la kumvusha paka aliyedhoofika hadi siku ya kutibiwa. Kulifanya ndiyo tiba, kila mwezi kidonge, ni kumlipia paka maumivu ya kudumu.

Kusafisha meno kwa kukwangua kunafaa pale ufizi umevimba lakini meno bado yameshika. Kunafanywa paka akiwa kwenye nusukaputi. Mtu akikwambia atamkwangua akiwa macho, kwa ukucha au kibano, mkatalie: ataondoa ugaga unaoonekana na kuacha ule wa chini ya ufizi ambao ndio unaokula mfupa.

Kung'oa ndiko watu wanakokuogopa, na mara nyingi ndiko kunakomrudishia paka maisha. Kuna hali mbili ambazo ningeenda moja kwa moja huko. Ya kwanza ni jino linaloliwa na mwili wenyewe, ambalo paka hulipata sana: pale chini karibu na ufizi linatoboka, ufizi unapanda kufunika tundu, na ukiligusa paka anatetemesha taya hata akiwa amelala usingizi wa dawa. Jino hilo halizibwi. Ya pili ni ule wekundu wa nyuma ya kinywa nilioutaja. Huko kinga ya mwili imegeuka dhidi ya kinywa chenyewe, na mara nyingi virusi vya mafua ya paka au vile vinavyodhoofisha kinga ya paka vinahusika (havimwambukizi binadamu). Kung'oa magego yote, wakati mwingine na meno yote, huwapa nafuu kubwa paka wengi wenye hali hiyo, ingawa wachache huendelea kuhitaji dawa.

Atakulaje bila meno? Atakula vizuri kuliko alivyokula na meno yanayouma. Ulimi ndio unaofanya kazi kubwa, na chakula laini kinateremka bila shida. Kuua panya kutampa tabu, na aliyemchukua kwa kazi hiyo ajue mapema.

Mswaki nauweka mwisho kwa makusudi. Unafaa baada ya kinywa kupona, mswaki laini wa mtoto na maji au dawa ya meno ya paka, kila siku. Dawa ya meno ya binadamu isitumike, paka hawezi kuitema. Na kumpigisha mswaki paka mwenye kidonda ni kumfundisha kukukimbia.

Umpeleke kwa nani?

Afisa mifugo wa kata yuko karibu, anafikika kwa simu, na kwa chanjo, kumulika sikio na sindano yenye kipimo sahihi anatosha. Ila kazi yake ya kila siku ni ng'ombe, nguruwe na kuku, na wengi hawana vifaa vya kumlaza paka na kumng'oa jino. Usimlazimishe.

Kliniki ya daktari wa mifugo mjini Mbeya au Iringa ndilo chaguo la kati, na kwa paka wengi ndilo sahihi. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka daktari awe amesajiliwa na Baraza la Veterinari, kwa hiyo kuuliza usajili si utovu wa adabu. Mpigie kwa heshima na umuulize: Daktari, umewahi kung'oa magego ya paka? Akilala unamwekea mpira wa hewa kooni? Utampa dawa gani ya maumivu arudipo nyumbani? Una eksirei? Mwenye uzoefu atajibu bila kukasirika. Omba pia bei ikiwa imegawanywa: usingizi kiasi gani, kusafisha kiasi gani, kila jino kiasi gani, kwa kuwa idadi ya meno ya kung'oa haijulikani hadi paka alale.

Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ndiko ningempeleka paka wa wekundu wa nyuma ya kinywa, au wa kinyama ndani ya sikio, kama mjini hakuna wa kumfanyia. Kutoka Iringa ni kama kilomita 300, kutoka Mbeya ni zaidi ya 600, na kutoka miji yote miwili unateremka mlima Kitonga. Ni safari ngumu kwa mnyama anayeumwa. Kwa ugaga wa kawaida siioni faida yake.

Popote atakapolazwa, omba kazi zote zifanywe kwa usingizi mmoja: meno, kusafisha masikio hadi chini na kumulika ngoma, na kama hajafungwa uzazi, hilo nalo lijadiliwe. Nusukaputi ndiyo sehemu yenye gharama na hatari. Kuirudia bila sababu ni hasara mara mbili. Hii ndiyo sababu nashauri dawa ya utitiri ianze wiki mbili tatu kabla, ili siku hiyo sikio liwe limetulia.

Akirudi nyumbani, adui wa kwanza huku kwetu ni baridi. Usiku wa mwezi wa saba Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na paka aliyetoka kwenye nusukaputi hawezi kujipasha joto. Chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kitambaa, ndani ya boksi lenye blanketi, inatosha. Jiko la mkaa lisiingie chumba kilichofungwa, linaua paka na watu.

Chakula cha siku kumi za mwanzo kiwe laini: usipa waliolowekwa na kusagwa, samaki asiye na mifupa, maini kidogo, kuku aliyechambuliwa, supu isiyo na kitunguu wala chumvi. Ugali uliochanganywa na mchuzi unamjaza tumbo bila kumlisha. Paka anahitaji nyama au samaki kila siku.

Daktari amuone kinywani baada ya wiki mbili, mashimo ya meno yawe yamejifunga. Masikio yarudiwe kwenye karatasi nyeusi wiki ya nne tangu dawa ya kwanza. Ukiona bado kuna vidoti vinavyosogea, uliza kwanza ni mnyama gani wa nyumbani au wa jirani hakutibiwa, kabla ya kubadilisha dawa.